Kongosho bandia kwenye kompyuta: mwongozo kamili wa kuunda mgonjwa wa namba na kidhibiti chake

Mzazi wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza halali usingizi kamili. Saa nane usiku anaamka, anawasha taa ya simu, anamchoma mtoto kidole, anasubiri namba. Ikisoma 3.4 (kwa mmol/L, yaani milimoli za sukari katika lita moja ya damu) anakoroga maji ya sukari na kumwamsha mtoto anywe. Ikisoma 15 anapiga hesabu ya insulini akiwa na usingizi machoni, huku akijua kwamba yuniti moja ya ziada inaweza kumwangusha mtoto kabla ya alfajiri.

Kongosho bandia limebuniwa kwa ajili ya saa hiyo. Lina sehemu tatu: sensa iliyo chini ya ngozi inayosoma sukari kila dakika chache, pampu inayoingiza insulini kidogo kidogo, na kidhibiti, yaani programu inayoamua pampu itoe kiasi gani. Sensa na pampu ni vifaa vya kununua. Kidhibiti ni hesabu tupu, na hesabu hiyo haijaribiwi kwa binadamu kwanza. Hujaribiwa kwa mgonjwa wa namba, anayeishi ndani ya kompyuta, ambaye sukari yake ikishuka hadi 2 hakuna anayezimia.

Mwongozo huu utakuongoza kumuunda mgonjwa huyo, kumwekea kidhibiti, kisha kukijaribu kidhibiti hicho mpaka kivunjike. Unahitaji kompyuta na lugha ya programu ya Python, au hata lahajedwali la kawaida. Hesabu ni ya kuongeza, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Namba nitakazotoa ni za mtu mzima wa kilo 70 wa kufikirika. Ni za kujifunzia, kwa hiyo usizitumie kupanga dozi ya mtu yeyote aliye hai.

Kabla ya kuanza: adui ni kuchelewa

Wengi wanaoanza hudhani ugumu upo kwenye fomula ya kidhibiti, lakini upo kwenye muda. Chakula chenye wanga huingiza sukari kwenye damu kwa kasi kubwa zaidi yapata dakika 40 baada ya kuliwa. Insulini ya haraka iliyodungwa chini ya ngozi lazima kwanza inyonywe, ifike kwenye damu, kisha iende kwenye misuli na ini kufanya kazi. Nguvu yake hufikia kilele baada ya zaidi ya saa moja na nusu. Sensa nayo haisomi damu. Inasoma majimaji yaliyo kati ya seli, yanayofuata damu kwa kuchelewa dakika 5 hadi 10. Kongosho la kuzaliwa nalo halina tatizo hilo, kwa kuwa linaonja damu yenyewe na kumimina insulini kwenye mshipa unaoelekea moja kwa moja kwenye ini.

Mashine ya Biostator ya miaka ya 1970 iliukwepa ucheleweshaji huu kwa kuvuta damu mshipani na kurudisha insulini mshipani. Ilidhibiti vizuri, ila ilikuwa ya kukaa kando ya kitanda cha hospitali, na mgonjwa hakuweza kutembea nayo. Tangu tulipohamia chini ya ngozi tumepata uhuru wa kutembea na tumeurithi ucheleweshaji. Kila uamuzi utakaoufanya katika hatua zifuatazo unahusu jambo hilo moja: kidhibiti kifanye nini kikijua kwamba kila kinachokiona ni cha jana na kila kinachokitoa ni cha kesho.

Hatua ya 1: Andika mwili kama matangi

Kielelezo tunachokitumia kimejengwa juu ya kazi ya Richard Bergman na Claudio Cobelli ya mwaka 1979, iliyoonyesha kwamba mwenendo wa sukari na insulini unaweza kuelezwa kwa milinganyo michache sana. Sehemu ya chakula na ya insulini chini ya ngozi nimeiazima kutoka kielelezo cha Roman Hovorka na wenzake cha mwaka 2004.

Fikiria matangi yanayomiminiana. Tangi la kwanza na la pili la chakula (C1, C2) ni tumbo na utumbo. Matangi mawili ya ngozi (N1, N2) yanashika insulini inayosubiri kunyonywa. Kisha kuna insulini ya damu (I), nguvu ya insulini kwenye tishu (X), sukari ya damu (G) na kile ambacho sensa inaona (S). Kwa kila dakika moja inayopita, thamani mpya ni ya zamani ukijumlisha kilichoingia na kutoa kilichotoka:

C1 mpya = C1 − C1/40
C2 mpya = C2 + C1/40 − C2/40
N1 mpya = N1 + u − N1/55
N2 mpya = N2 + N1/55 − N2/55
I mpya = I + N2/(55 × 8.4) − 0.138 × I
X mpya = X − 0.025 × X + 0.0000083 × (I − Ib)
G mpya = G − (0.005 + X) × G + 0.005 × 7 + C2/(40 × 18)
S mpya = S + (G − S)/10

Hapa u ni insulini inayotolewa na pampu kwa milliyuniti kwa dakika, na Ib ni kiwango cha I mgonjwa anapopata insulini ya msingi peke yake. Namba 8.4 ni lita ambamo insulini husambaa, na 18 ni lita ambamo sukari husambaa. Hiyo 18 inastahili neno. Katika mwili halisi sukari ina makazi mawili, damu pamoja na tishu zilizo karibu nayo, na vielelezo vikubwa huyatenga. Sisi tumeyaunganisha kuwa tangi moja pana, na ndiyo maana lita zimeongezeka. Ukitumia ujazo wa damu na majimaji ya karibu tu, sahani moja ya wali itampandisha mgonjwa wako juu kupita uhalisia.

Kula ni kuongeza kwenye C1 mara moja: gramu za wanga × 5.55 × 0.8. Gramu moja ya glukosi ni milimoli 5.55, na asilimia 80 ya wanga ndiyo inayofika kwenye damu. Dozi ya mkupuo nayo huongezwa kwenye N1: yuniti 6 ni 6000.

Hatua ya 2: Mpe mgonjwa mwanzo tulivu

Insulini ya msingi ya mtu wetu ni yuniti 1 kwa saa. Pampu hupangwa kwa yuniti kwa saa, lakini milinganyo yetu inaenda kwa milliyuniti kwa dakika, kwa hiyo u = 1000/60 = 16.67. Niliwahi kupoteza siku mbili kwa sababu nilisahau ile 60 mahali pamoja tu. Mgonjwa wangu alikuwa anakufa kila usiku nami nikawa namlaumu kidhibiti. Andika kizio cha kila namba kando yake. Usikiamini kichwa chako.

Thamani za kuanzia: N1 na N2 kila moja 16.67 × 55, yaani karibu 917. I na Ib zote ni 16.67/(8.4 × 0.138), karibu 14.38. X ni 0, C1 na C2 ni 0, G na S ni 7. Ib usiiandike kwa mkono baada ya kuikata desimali. Iache kompyuta iikokotoe kutoka kwenye u ya msingi, la sivyo sukari itateleza taratibu usiku kucha na hutajua kwa nini.

Hatua ya 3: Mkague kabla ya kumwamini

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotenganisha uigaji na mchezo wa grafu. Fanya majaribio manne ambayo majibu yake unayajua kwa karatasi na kalamu.

La kwanza, usiku mtupu. Hakuna chakula, u ni ya msingi tu. Endesha saa 24. G inapaswa kubaki 7 bila kutikisika.

La pili, chakula bila msaada wowote. Weka 0.005 kuwa 0 mahali pote pawili, lisha gramu 60 za wanga, usitoe dozi. Sukari yote iliyoingia lazima ionekane: 60 × 5.55 × 0.8 ni milimoli 266, gawanya kwa lita 18, upate 14.8. Kwa hiyo G lazima iishie 21.8. Ikiishia 21 au 23, kuna tangi linalovuja.

La tatu, dozi moja. Bado 0.005 ikiwa 0, anza na G ya 8, ongeza 1000 kwenye N1. Kwa hesabu, yuniti moja huacha G ikiwa imezidishwa kwa karibu 0.75, kwa hiyo baada ya saa 8 usome 6.0. Namba hii, kwamba yuniti moja inashusha kama 2, itumie pia kumpima mgonjwa wako dhidi ya uzoefu wa kliniki: kwa mtu mzima anayetumia yuniti 40 na ushee kwa siku, inaaminika.

La nne, rudisha 0.005, lisha gramu 60 na uache insulini ya msingi peke yake. Kilele kinapaswa kufika karibu 15.8, yapata saa mbili na dakika 10 baada ya mlo.

Kisha badilisha hatua ya muda kutoka dakika 1 kwenda nusu dakika, ukizidisha kila mabadiliko kwa 0.5. Grafu mpya ikilala juu ya ile ya zamani, hatua yako inatosha. Ikitengana nayo, ulichokuwa unakitazama ni kosa la hesabu, si mwili.

Hatua ya 4: Kidhibiti cha kwanza, kilicho kibaya

Anza na kibaya makusudi. Kila dakika 5, kidhibiti kisome S na kitoe:

kasi = 1 + K × (S − 7)

kwa yuniti kwa saa. Kasi isishuke chini ya 0, maana pampu haiwezi kunyonya insulini iliyokwisha kuingia. Weka K, yaani nguvu ya kidhibiti, kuwa 1, mlishe gramu 60, uendeshe saa 48.

Utaona sukari ikipanda, ikishuka kupita lengo, ikipanda tena, na haitulii. Mzunguko mmoja unachukua saa kadhaa. Kidhibiti hakina kosa la hesabu, kinachelewa. Kinapoona 12 kinamimina, kinaendelea kumimina wakati dozi ya kwanza haijaanza hata kufanya kazi, na dozi zote zikifika pamoja mgonjwa yuko 5 na anashuka. Kaa na grafu hii. Chora I na X chini ya G kwenye ukurasa huohuo, ulinganishe vilele. Utaona kilele cha u kinatangulia, cha I kinafuata, cha X kinakuja nyuma kabisa, na bonde la G linakuja baada ya vyote. Ukishaiona kwa macho, utaacha kuamini kwamba kuongeza nguvu ya kidhibiti kunaweza kuwa dawa.

Hatua ya 5: Kipe kidhibiti uwezo wa kuona mwelekeo

Sasa punguza K hadi 0.5 na ongeza kipande kinachotazama kasi ya mabadiliko:

kasi = 1 + 0.5 × (S − 7) + 30 × mteremko

Mteremko ni mmol/L kwa dakika. Sukari ikipanda kwa 0.1 kila dakika, kipande hicho peke yake kinaongeza yuniti 3 kwa saa, hata kama S bado ni 8. Sukari ikianza kushuka, kinakata insulini mapema, kabla lengo halijafikiwa. Hivyo ndivyo kuchelewa kunavyofidiwa: unamjibu mgonjwa pale anapoelekea, si pale alipo.

Rudia mlo wa gramu 60 bila kumwambia kidhibiti. Nilipopiga hesabu kwa namba hizi, kilele kilikuwa karibu 14 badala ya 15.8, kisha sukari ikashuka taratibu hadi karibu 4.3 yapata saa ya tano. Haizunguki tena. Lakini tazama faida yenyewe: kidhibiti kizuri, chenye kuona mwelekeo, kimepunguza kilele kwa chini ya 2 tu, na kimemfikisha mgonjwa ukingoni mwa hatari.

Hutumii kipande cha tatu, kile kinachokusanya makosa ya muda mrefu? Kwa sasa hapana. Baada ya mlo mkubwa sukari hukaa juu kwa saa nzima, kipande hicho kinakusanya deni kubwa, na deni hulipwa kwa insulini wakati mgonjwa tayari anashuka. Ukija kukiweka baadaye, kiwekee kikomo kigumu.

Hatua ya 6: Tangaza mlo

Fanya jaribio lingine. Zima kidhibiti, baki na insulini ya msingi, lakini dakika 15 kabla ya mlo wa gramu 60 toa yuniti 6 kwa mkupuo. Kilele kinashuka hadi karibu 11, kikitokea yapata saa moja baada ya kula, kisha sukari inarudi polepole kwenye 6 na kitu.

Dozi moja ya kijinga iliyotolewa mapema imeshinda kidhibiti chenye akili kilichochelewa. Hii ndiyo sababu MiniMed 670G, mfumo wa kwanza wa aina hii kupata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, Septemba 2016, uliachia mlo mikononi mwa mtu: mgonjwa anaingiza gramu za wanga, mashine inashughulikia yaliyobaki. Mifumo ya namna hiyo huitwa ya nusu-otomatiki, na unusu huo umelazimishwa na ngozi.

Sasa washa kidhibiti pamoja na dozi ya mlo. Tatizo jipya linaingia: sukari inapanda kwa sababu ya chakula, kidhibiti hakijui kwamba yuniti 6 zimo njiani, kinaongeza zake juu yake. Dozi zinapandana.

Hatua ya 7: Kifundishe kidhibiti kukumbuka kilichotoa

Kidhibiti hakiwezi kuchungulia N1 na N2 za mgonjwa. Hakuna sensa ya insulini. Kwa hiyo kipe nakala yake yenyewe ya matangi mawili ya ngozi, ikilishwa na amri zilezile zinazokwenda kwenye pampu. Jumla ya nakala hizo ukitoa 1833, ambayo ni ile ya msingi, ndiyo insulini ya ziada iliyo njiani.

Kisha weka kanuni: insulini inayohitajika ni (S − 7)/2 kwa yuniti (zidisha kwa 1000 upate milliyuniti kabla ya kulinganisha), ile 2 ikitoka kwenye jaribio la tatu la ukaguzi. Iliyo njiani ikishafikia inayohitajika, kasi haipandi juu ya msingi. Rudia mlo wa hatua ya 5 usiotangazwa: kilele karibu hakibadiliki, kwa sababu insulini iliyokatwa isingefika kwa wakati kukisaidia, lakini bonde la saa ya tano linapanda. Umeondoa hatari bila kulipa chochote cha maana. Nafasi kama hiyo haipatikani mara nyingi katika udhibiti.

Ongeza pia kizuizi cha usiku: S + 30 × mteremko, yaani makisio ya nusu saa ijayo, yakiwa chini ya 4.5, pampu isimame kabisa. Kizuizi hiki kiwe juu ya kila kitu kingine katika programu. Kisitegemee kipande kingine chochote kufanya kazi.

Hatua ya 8: Chafua sensa

Hadi sasa sensa yako inachelewa tu, haidanganyi. Sensa nyingi za sasa hukosea kwa wastani wa asilimia 8 hadi 10. Ukiongeza namba ya bahati nasibu kwenye kila usomaji, utaona kipande cha mteremko kikipagawa. Hesabu ni hii: S ikiruka kwa 0.5 kati ya usomaji mmoja na mwingine, dakika 5 baadaye, mteremko unasoma 0.1, na kidhibiti kinatoa yuniti 3 kwa saa, mara tatu ya msingi, kwa ajili ya kelele tupu.

Dawa yake ni kupima mteremko kwa mstari unaopita katikati ya usomaji wa dakika 15 hadi 20 zilizopita. Lakini kumbuka unalipa: kila dakika ya kulainisha ni dakika ya kuchelewa. Jaribu 10, 15, 20 na 30, na uandike kilele na bonde vya kila moja.

Kosa la sensa halisi halirukiruki ovyo, bali huambatana: ikisoma juu sasa, itasoma juu pia dakika tano zijazo. Liige hivi: kosa jipya = 0.8 × kosa la zamani + namba ndogo ya nasibu. Kelele ya namna hii ndiyo inayodanganya kidhibiti, maana inafanana na mlo unaoanza.

Hatua ya 9: Kutoka mgonjwa mmoja hadi mia

Kidhibiti kilichopangwa kwa mtu mmoja wa namba hakina thamani. Tengeneza wagonjwa 100 kwa kubadilisha vigezo: 0.0000083 ya uwezo wa insulini izidishwe kwa kitu kati ya 0.5 na 2. 55 ya ngozi iwe kati ya 40 na 80. 40 ya chakula iwe kati ya 30 na 60. Kidhibiti kibaki kilekile, au kibadilike tu kwa taarifa ambazo daktari angekuwa nazo kweli, kama uzito na dozi ya kawaida ya siku. Ukikipa kidhibiti vigezo vya siri vya mgonjwa, unajidanganya.

Ndani ya kila mgonjwa, uwezo wa insulini ubadilike pia na saa. Mwili wa alfajiri huikataa insulini kuliko wa jioni, na mazoezi huuongeza uwezo wake kwa saa nyingi. Wimbi la asilimia 30 juu na chini kwa saa 24 linatosha kuanzia.

Njia hii ina heshima yake. Vyuo vikuu vya Virginia na Padova viliunda kiigaji chenye wagonjwa wa namba 300: watu wazima 100, vijana 100 na watoto 100. Januari 2008 FDA ilikikubali kitumike badala ya majaribio ya wanyama kabla ya kuingia kwa binadamu. Kazi iliyokuwa ikila miaka ikawa ya wiki. Kilichokipa uzito ni wale wagonjwa wenyewe: walitofautiana kama watu wanavyotofautiana, pamoja na wale wagumu.

Hatua ya 10: Pima kwa vipimo ambavyo daktari anavijua

Usitangaze wastani wa sukari. Mtu anayepanda hadi 15 na kushuka hadi 2 anaweza kuwa na wastani mzuri. Tumia muda ndani ya mipaka, kama makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2019 yanavyoelekeza kwa watu wazima wengi: zaidi ya asilimia 70 ya muda kati ya 3.9 na 10.0, chini ya asilimia 4 chini ya 3.9, chini ya asilimia 1 chini ya 3.0, chini ya asilimia 25 juu ya 10.0, na katika hizo zisizidi 5 juu ya 13.9.

Panga wagonjwa wako 100 kuanzia aliyeumia zaidi. Msome huyo wa kwanza grafu kwa grafu, siku baada ya siku, kabla hujatazama jumla ya kundi. Mwenye uwezo wa insulini mara mbili ndiye atakayekuambia kama kizuizi chako cha usiku kinafanya kazi. Mwenye ngozi inayonyonya taratibu, ile 80, ndiye atakayekuonyesha kama kumbukumbu ya insulini imekosea, kwa sababu nakala ya kidhibiti inadhani 55.

Hatua ya 11: Vunja kila kitu

Hapa tumia muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Orodha yangu huanza na haya, nayo huongezeka kila mradi.

Mlo umetangazwa, dozi imetoka, mtoto amekataa kula. Hili ni jaribio baya kuliko yote, nami huliendesha kwanza: yuniti 6 zimo njiani na hakuna chakula. Kusimamisha pampu hakutoshi, kwa sababu kunakata msingi tu. Kidhibiti chako lazima kitoe onyo mapema, na pima onyo hilo linatangulia 3.9 kwa dakika ngapi. Kama ni chini ya 20, mzazi hana muda wa kuamka, kukoroga na kumnywesha.

Kanula, mrija mwembamba wa pampu unaoingia chini ya ngozi, imekunjika. Kidhibiti kinaamuru, pampu inasema imetoa, ngozi haijapata kitu. Katika programu, weka u ya mgonjwa kuwa 0 kwa saa 4 huku nakala ya kidhibiti ikiendelea kujaa. Angalia jinsi kumbukumbu ileile iliyokuokoa katika hatua ya 7 inavyogeuka: inasema insulini imo njiani, kwa hiyo inazuia. Anayetumia pampu hana insulini ya muda mrefu mwilini, na saa chache bila insulini zinatosha ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza kutokana na mafuta ukikosa insulini, kuanza kupanda. Unahitaji kanuni ya pili inayosema: iliyo njiani ni nyingi, muda umepita, sukari haishuki, mwite binadamu.

Mtu amelalia sensa. Usiku, uzito wa mwili ukikandamiza sensa, usomaji huporomoka kwa uongo kwa dakika kadhaa kisha hurudi ghafla. Shusha S kwa 3 kwa dakika 30. Pampu itasimama, na hilo ni sawa. Kinachotisha ni kurudi: S inaruka juu, mteremko unakuwa mkubwa, kidhibiti kinadhani mlo mkubwa umeliwa saa tisa usiku. Weka kikomo cha mteremko unaokubalika, na kipindi cha tahadhari baada ya kuruka.

Makosa ya gramu za wanga kwa asilimia 30 juu na chini ni ya kila siku, si ajali. Nani amepima ugali kwa mizani? Yaendeshe kwa kila mlo wa kila mgonjwa.

Kwa wasomaji wa Pwani na Visiwani, endesheni pia siku ya Ramadhani: saa 13 hivi bila chakula, kisha futari ya viazi, tambi na uji kwa pamoja, kisha daku. Madaktari huwashauri wengi wenye kisukari aina ya kwanza wasifunge, lakini wapo wanaofunga, na mgonjwa wa namba anaweza kuonyesha kama insulini ya msingi iliyokuwa salama mwezi uliopita inamshusha mtu alasiri. Panga futari katika vipande viwili vyenye 40 tofauti, kimoja 25 kwa vitamu na kimoja 70 kwa vyenye mafuta. Mlo wa kipande kimoja hauwezi kuiga futari.

Hatua ya 12: Andika rekodi ambayo mwingine anaweza kuirudia

Kila uendeshaji uhifadhiwe na vigezo vyake vyote, mbegu ya namba za nasibu (namba ya kuanzia inayowezesha kuzirudia zilezile), toleo la programu na tarehe. Ukibadilisha kidhibiti, rudia majaribio yote ya hatua ya 11, hata yale unayohisi hayahusiki. Majaribio manne ya hatua ya 3 yajiendeshe yenyewe kila unapofungua faili, na yakishindwa, programu ikatae kuendelea.

Mpelekee muuguzi au daktari wa kliniki ya kisukari grafu za wagonjwa watano walioumia zaidi, bila kumweleza chochote, umuulize anaona nini. Atakuonyesha vitu ambavyo milinganyo haina: homa, hedhi, dawa za steroidi, sehemu ya ngozi iliyodungwa mara nyingi ikawa ngumu. Kila atakachokitaja, kitafutie kigezo kinachobadilika, kiingize, na uanze tena kuanzia hatua ya 9.